Tatu Iko Wapi? Hotuba kwa Walimu wa Hisabati

(Hotuba hii niliitoa mbele ya walimu wa hisabati wa sekondari na vijana wanaosomea ualimu. Waliokosa kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka hapa nzima, kama ilivyosemwa.)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, vijana wetu wa chuo: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na ambaye salamu zote mbili zimempita, habari za asubuhi.

Niliombwa nizungumzie mbinu za kufundishia. Nimekataa. Mbinu mnazijua kuliko mimi, ninyi mnaosimama kila siku mbele ya darasa lililofurika na vitabu vya kugombania. Mimi nimekuja na swali, na swali lenyewe ni fupi.

Tatu iko wapi?

Siulizi viti vitatu viko wapi. Vile pale, naviona. Siulizi ile alama tunayoiandika ubaoni. Nikiifuta sasa hivi, hakuna atakayetoka humu akilalamika kwamba kati ya mbili na nne pamebaki pengo. Warumi waliichora kwa vijiti vitatu, Waarabu wana alama yao, na wote walikuwa wanasema habari ya kitu kilekile. Nauliza tatu yenyewe. Haina uzito. Haina rangi. Haikuzaliwa na haitakufa. Hakuna aliyewahi kujikwaa juu yake gizani. Wanafalsafa huviita vitu vya aina hii vitu dhahania, na kwa zaidi ya miaka 2,000 wamegombana kama vipo au havipo.

Mtasema, hayo ni ya wanafalsafa, yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana! Sisi ndio tunaolipwa kufundisha habari za vitu hivi. Mtoto akiandika kwamba 3 na 4 ni 8, tunamwekea kosa kwa wino mwekundu. Kosa kuhusu nini? Akisema Mwanza iko kusini mwa Mbeya, tunamfungulia ramani. Akisema 3 na 4 ni 8, tunamfungulia nini?

Na watoto wenyewe wanajua kwamba hapa pana jambo. Kidato cha kwanza, siku ya namba hasi, haukosi mkono mmoja kunyooshwa huko nyuma: "Mwalimu, ng'ombe hasi watano wanakaa zizi gani?" Darasa linacheka. Mwalimu anasema kaa chini, hii inatoka kwenye mtihani. Jamani, yule mtoto si mtundu. Ameuliza swali gumu kuliko yote yaliyomo kwenye muhtasari wa somo.

Mimi katika ugomvi huu nina upande, na nitausema mapema ili mnisikilize kwa tahadhari. Nadhani jambo la kutazama kuhusu namba ni ubishi wake. Tunaweza kuzipa majina tunayotaka, tunaweza kuziandika tunavyotaka, lakini zikishawekwa mezani hazitusikilizi. Zinatubishia. Na mimi nauliza: anayetubishia ni nani?

Twendeni kwanza Kongo. Pale Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, ndani ya eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Virunga, pana mahali panaitwa Ishango. Mwaka 1950 mtaalamu wa miamba kutoka Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimbua hapo mfupa mwembamba unaoenea kiganjani, wenye kipande cha jiwe gumu kilichopachikwa kwenye ncha. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Leo umehifadhiwa Brussels. Juu ya mfupa huo kuna mikato, mikato imepangwa mafungu mafungu, na mafungu yako kwenye safu tatu. Hebu sikilizeni safu moja: 11, 13, 17, 19. Jumla yake 60. Safu nyingine: 11, 21, 19, 9. Jumla, tena, 60.

Naona huko mbele mmeshatazamana. Ndiyo: 11, 13, 17, 19 ni namba tasa zote zilizoko kati ya 10 na 20, haikukosekana hata moja. Wapo walioandika kwamba watu wa Ishango walizijua namba tasa, zile zisizogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa zenyewe. Wapo waliosema ni kalenda ya mwezi. Wapo waliosema ni mikato ya kuzuia mkono usiteleze, basi. Mimi, pamoja na mapenzi yangu yote kwa bara hili, habari ya namba tasa siiamini. Huwezi kuwa na wazo la namba tasa kabla ya kuwa na wazo la kugawanya, na mafungu manne kwenye mfupa hayatoshi kunithibitishia hilo. Tusijipe sifa kwa kubahatisha.

Lakini subirini. Watu wa Ishango walikuwa wavuvi. Vichwa vya chusa vilivyochongwa kwa mfupa vimepatikana palepale. Wape samaki 13. Wagawane wawili sawasawa: anabaki samaki mmoja. Wagawane watatu: anabaki mmoja. Wanne: mmoja. Watano: wanabaki watatu. Sita: mmoja. Unaweza kutoa kisu umkate yule aliyebaki, lakini hapo umeikimbia 13, hujaishinda. Aliyechonga lile fungu la mikato 13 hakuwa na jina la tabia hii. Hakuwa na mtaala, hakuwa na mwalimu, hakuwa na Wizara. Na 13 ilimgomea kama inavyonigomea mimi leo. Je, tabia hiyo ilianza pale Mgiriki alipoiandika kitabuni? Nani hapa yuko tayari kusema hivyo? Nyosheni mikono. Hakuna.

Haya, sasa Athens. Mwanafalsafa Plato ana mazungumzo ambamo mwalimu wake, Socrates, yuko na bwana mmoja aitwaye Meno. Socrates anaomba aitwe mmoja wa watumwa wa Meno, kijana ambaye hajawahi kufundishwa jometri. Anamchorea mraba, kila upande futi 2. Eneo lake? Futi 4 za mraba, kijana analijua hilo. Sasa, anasema Socrates, nataka mraba wenye eneo mara mbili ya huu, yaani 8. Upande wake uwe na urefu gani?

Walimu, jibu la kijana mnalijua kabla sijalitamka, maana mnalisahihisha kila mwaka. Anasema, eneo mara mbili, basi upande mara mbili: futi 4. Na anasema kwa kujiamini kabisa! Socrates hamwambii umekosea. Anachora. Wanahesabu pamoja: 4 mara 4 ni 16. Imezidi mno. Kijana anafikiri: basi iko kati ya 2 na 4, ni 3. Wanachora tena: 3 mara 3 ni 9. Imezidi kidogo tu, lakini imezidi. Hapo kijana anaapa kwa mungu wake kwamba hajui. Ndipo Socrates anapochora ulalo, ule mstari wa kona hadi kona, unaoukata mraba wa mwanzo nusu mbili. Kila nusu ina eneo la 2. Ukijenga mraba mpya juu ya ulalo huo, ndani yake zinaingia nusu nne. Nne mara 2: 8. Kijana anaona mwenyewe.

Plato anatoa hapo hitimisho kubwa sana. Anasema kama hakufundishwa, basi amekumbuka: roho yake ilishayaona haya kabla haijaingia mwilini. Kwake yeye mraba wa kweli na namba za kweli ziko katika ulimwengu wao, hazichakai, na hii mistari yetu iliyopinda ni vivuli tu. Hapo mimi namwachia Plato kofia yake. Lakini hebu mtazameni tena yule kijana. Nani alimkatalia ile 4? Nani alimkatalia ile 3? Socrates hakumkatalia. Mchoro wa mkono hauna usahihi wa kumkatalia mtu. Alikataliwa, na yeye mwenyewe akajua amekataliwa.

Na ule ulalo una mkasa zaidi. Urefu wake ni futi ngapi? Wafuasi wa Pythagoras waliamini kwamba kila kitu ulimwenguni ni namba nzima au uwiano wa namba nzima. Chukua mraba wa upande 1, na tuseme ulalo wake unaandikika kama sehemu, p juu ya q, tumeshairahisisha hadi mwisho. Basi p mara p ni sawa na mara mbili ya q mara q. Kwa hiyo p ni shufwa, yaani inagawanyika kwa 2. Lakini p ikiwa shufwa, kipeo chake cha pili kinagawanyika kwa 4, na hapo q nayo inalazimika kuwa shufwa. Zote mbili shufwa! Si tulisema tumeshairahisisha hadi mwisho? Basi sehemu hiyo haipo. Haijapotea mahali. Haipo.

Hadithi za kale zinasimulia kwamba aliyeitoboa siri hiyo nje ya kundi alizama baharini. Mimi naiona ni porojo. Lakini fikirini: hakuna mfuasi wa Pythagoras aliyeitaka habari hii. Ilivunja imani yao. Sasa nawauliza ninyi mnaosema hisabati ni kitu tulichojitungia tu: kitu ulichokitunga mwenyewe kinakuleteaje habari usizozitaka?

Turuke miaka mingi sasa, twende Jena, Ujerumani, kwa mwanahisabati Gottlob Frege. Mwaka 1884 alichapisha kitabu chembamba kilichouliza swali letu la leo. Kabla yake Mwingereza John Stuart Mill alikuwa ameshasema kwamba namba ni tabia ya vitu tunavyovishika: kokoto tatu unaweza kuzipanga hivi na hivi, hiyo ndiyo tatu. Wengi wetu tukifundisha darasa la kwanza kwa vizibo vya soda tunakuwa wafuasi wa Mill bila kujua, na kwa darasa la kwanza hakuna ubaya.

Frege alimcheka. Nakuwekea mkononi pakiti ya karata, nakuuliza: uzito wake? Unapima, unanijibu. Nakuuliza: ngapi? Utanijibuje? Pakiti ni 1. Karata ni 52. Kitu ni kilekile mkononi, hakijabadilika hata chembe, lakini namba imebadilika. Uzito umo kwenye kitu, namba haimo. Huwezi kujibu "ngapi" mpaka nikwambie ngapi za nini. Halafu akauliza: sayari ya Zuhura ina miezi mingapi? Sifuri. Haya, bwana Mill, kokoto za sifuri ni zipi?

Wala hakukubali kwamba namba imo kichwani. Ingekuwa kichwani, kungekuwa na tatu yangu na tatu yako, na mimi nikisinzia tatu yangu ingesinzia pia. Kwa Frege, namba ni kitu kamili, kipo, na kinaweza kujengwa kutoka kwenye mantiki tupu. Akatumia miaka kuijenga. Juzuu ya kwanza ilitoka 1893. Juzuu ya pili ilikuwa kiwandani inachapwa, Juni 1902, alipopokea barua kutoka kwa Mwingereza wa miaka 30, Bertrand Russell.

Barua ilikuwa ya heshima, imejaa sifa. Ila, anasema Russell, nimekutana na ugumu mahali pamoja tu. Frege aliruhusu kwamba kila sifa unayoweza kuitaja ina mkusanyiko wake, yaani seti. Seti ya walimu. Seti ya miji. Seti ya walimu yenyewe si mwalimu, kwa hiyo haimo ndani yake yenyewe. Seti ya vitu vyote visivyo walimu nayo si mwalimu, kwa hiyo yenyewe imo ndani yake. Sawa? Sasa kusanya seti zote ambazo hazimo ndani yake zenyewe. Je, huo mkusanyiko wako umo ndani yake wenyewe? Ukisema umo, basi ni wa wale wasiomo. Ukisema haumo, basi unastahili kuwemo. Msijali wale mnaoandika kwenye daftari, jaribuni tena jioni, jibu halitabadilika.

Frege alijibu ndani ya siku chache. Hakuficha, hakutafuta visingizio. Juzuu ya pili ilipotoka 1903 ilikuwa na nyongeza mwishoni, ambamo mwenyewe anawaambia wasomaji kwamba msingi wa jengo lake umetikisika kazi ikiwa imekwisha. Mtu amejenga kwa karibu miaka 20, anaandika mstari huo kwa mkono wake. Mimi humheshimu Frege kwa ukurasa ule kuliko kwa kurasa zote zilizoutangulia.

Na angalieni tena: ni ubishi uleule. Kanuni alizitunga Frege. Kilichomo ndani ya kanuni hizo hakukitunga Frege.

Baada ya ajali hiyo wengine wakasema: tuachane na habari za vitu. Hisabati ni mchezo wa alama, kama bao. Mashimo 32, kete 64. Mwendee mzee anayecheza bao barazani umuulize, "Babu, kete hii maana yake nini?" Atakutazama, atarudi kwenye mchezo wake. Kete haisimamii kitu. Kuna kunamua, kuna kutakata, kuna nyumba, kuna mtaji, imetosha. Basi na 3 ni kete tu, na ubao wetu ni bao.

Watu humbandikia mwanahisabati Mjerumani, David Hilbert, wazo hili, ingawa yeye alikuwa mjanja kuliko hivyo. Alichotaka ni kuthibitisha, mara moja tu, kwamba mchezo huu hautawahi kuleta ukinzani kama ule wa Russell. Septemba 1930, katika mji wake wa kuzaliwa, Königsberg, alitoa hotuba iliyokwisha kwa kutangaza kwamba lazima tujue, na tutajua. Maneno hayo yamechongwa kwenye kaburi lake huko Göttingen. Siku moja kabla ya hotuba hiyo, katika mji huohuo, kijana wa miaka 24 aitwaye Kurt Gödel alikuwa ameshasimama kwenye mkutano na kusema kwa sauti ya chini jambo lililolizika tumaini hilo. Uthibitisho wake ulichapishwa 1931: seti yoyote ya kanuni isiyojipinga, inayoweza kukaguliwa hatua kwa hatua, na yenye nguvu ya kutosha kufanya hesabu za kawaida, itakuwa na sentensi ambayo haiwezi kuithibitisha wala kuikanusha. Na haiwezi kujithibitishia yenyewe kwamba haijipingi.

Palikuwa pia na Mholanzi, Brouwer, aliyesema hisabati ni kazi ya akili na isiyojengwa na akili haipo. Ugomvi wake na Hilbert ulifika mpaka Brouwer akaondolewa kwenye bodi ya jarida kubwa la hisabati, 1928. Msidhani ni Simba na Yanga peke yao.

Lakini mimi bado niko kwenye bao, maana naona waliolitaja hawakulitazama vizuri. Sheria za bao tumetunga sisi. Hakuna anayedai zilishuka. Sasa kete zimekaa hivi, na zamu ni ya huyu. Je, huyu ana njia ya kushinda, au hana? Hilo nani alilitunga? Wazee wote wa pwani wakikaa kikao, wakapiga kura, wakasema anayo, na kumbe hana, atashindwa. Unaweza kutunga mchezo wote, kila sheria, na bado ukawa mgeni ndani yake. Kwa hiyo hata yule anayesema hisabati ni mchezo tu hajamkimbia yule anayetubishia. Amemkaribisha barazani.

Basi nirudi kwa mtoto na ng'ombe wake hasi. Mwaka 1965 mwanafalsafa wa Marekani, Paul Benacerraf, alitunga kisa cha watoto wawili, Ernie na Johnny. Wazazi wao walikuwa watu wa mantiki, hawakuwafundisha kuhesabu kama sisi. Waliwafundisha seti kwanza, kisha wakawaambia: zile ambazo watu wanaziita namba, ni seti hizi. Wote wawili waliambiwa sifuri ni seti tupu. Halafu mmoja akaambiwa kila namba inayofuata ni seti yenye kitu kimoja tu ndani, ile namba iliyoitangulia. Mwenzake akaambiwa kila namba inayofuata ni seti yenye namba zote zilizoitangulia. Wakakua. Wote wanajumlisha vizuri, wote wanarudishiana chenji vizuri, 3 na 4 ni 7 kwa wote.

Siku moja likazuka swali: je, 1 imo ndani ya 3? Mmoja anasema haimo. Ndani ya 3 imo 2 peke yake. Mwenzake anasema imo. Ndani ya 3 zimo 0, 1 na 2. Nani kakosea? Tafuteni. Hakuna hesabu yoyote duniani itakayowaamua, kwa sababu hesabu zote wanazipata sawa. Sasa kama 3 ingekuwa kitu fulani hasa, kimekaa mahali kikisubiri kuonwa, mmoja wao angekuwa amekosea. Hakuna aliyekosea. Benacerraf akahitimisha kwamba namba si vitu kabisa. Kilichopo ni mpangilio, na 3 ni nafasi ndani ya mpangilio: inayotanguliwa na ile, inayofuatwa na hii.

Mimi nilipolisoma hilo nilijua jibu la yule mtoto. Hasi tano si ng'ombe. Ni nafasi, hatua tano upande wa pili wa sifuri, na anayekuja kuikalia nafasi hiyo anaweza kuwa deni la dukani, au nyuzi za baridi kileleni Kilimanjaro, au kina cha mzamiaji chini ya usawa wa bahari. Ng'ombe hakupewa mwaliko huko, wala hakuna haja ya kumtafutia zizi. Mwambieni hivyo. Ataelewa, na wenzake watanyamaza.

Mwaka 1973 Benacerraf alirudi na swali kali zaidi, ambalo linawanyima usingizi watu wa fani hii mpaka leo. Kama namba ziko nje ya wakati na mahali, na hazigusani na chochote, sisi tumezijuaje? Nyota naijua kwa sababu mwanga wake umenifikia jichoni. Tatu imenitumia nini? Plato alijibu kwa roho inayokumbuka. Gödel, mkubwa wa kizazi chake, aliandika kwamba tuna kitu kinachofanana na kuona, ila cha akili. Mimi siwezi kuwauzia lolote kati ya hayo mawili. Ninapojua kwamba 13 haigawanyiki, sijaichungulia 13 kwa jicho la ndani. Nimejaribu kila njia ya kugawa, nimeikuta imefungwa. Ninachokijua ni zile njia zilizofungwa.

Watanikumbusha wengine: wanafizikia hawawezi kwenda hatua moja bila namba, na kama unaziamini elektroni kwa kuwa fizikia inazihitaji, ziamini na namba. Ni hoja ya Quine na Putnam, wanafalsafa wa Marekani, ya watu wazito. Haijanishika. Mwanahisabati Mwingereza, Hardy, aliandika 1940 akijivunia kwamba hisabati yake haikuwa na faida yoyote ya kidunia, na kipenzi chake kilikuwa namba tasa. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walionyesha jinsi ya kulinda siri kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa, na ndugu za mbinu hiyo ndizo zinazolinda hela zetu mtandaoni leo. Je, namba tasa zilianza kuwepo 1977 zilipopata kazi? Zilikuwa bishi kabla ya kuwa na faida.

Sasa nifike mahali ninapoachana na Plato na Gödel kwa uwazi. Mwanahisabati Georg Cantor alionyesha kwamba wingi usio na mwisho si wa aina moja: upo mkubwa kuliko mwingine. Namba za kuhesabia, 1, 2, 3 na kuendelea, hazina mwisho. Shufwa peke yake nazo hazina mwisho, na ukiziunganisha, 1 na 2, 2 na 4, 3 na 6, hakuna inayobaki bila mwenzake: zinalingana. Lakini desimali zote kati ya 0 na 1 huwezi kuzipanga hivyo. Orodha yoyote utakayoleta, Cantor anakutungia desimali isiyomo, kwa kubadilisha tarakimu ya kwanza ya ile ya kwanza, ya pili ya ile ya pili, mpaka chini. Kwa hiyo desimali ni nyingi zaidi. Mwaka 1878 akatamka dhana yake: kati ya wingi huu na ule hakuna wingi wa katikati. Hakuweza kuithibitisha. Hilbert aliposoma orodha yake ya maswali huko Paris mwaka 1900, hili aliliweka la kwanza.

Gödel akaonyesha, mwishoni mwa miaka ya 1930, kwamba kanuni za seti tunazozitumia sote haziwezi kuikanusha dhana hiyo. Mwaka 1963 Paul Cohen akaonyesha kwamba haziwezi kuithibitisha pia. Unaweza kuiongeza, hupati ukinzani. Unaweza kuongeza kinyume chake, hupati ukinzani.

Mnasikia ukimya huo? 13 ilimgomea mvuvi. Ulalo uliwagomea wafuasi wa Pythagoras. Seti zilimgomea Frege kitabu kikiwa kiwandani. Hapa hakuna anayegoma. Ukienda kushoto sawa, ukienda kulia sawa. Gödel alisema jibu lipo, kanuni zetu ndizo haba, tutafute mpya. Mimi nasema mahali ambapo hakuna kinachonibishia sina sababu ya kudai pana kitu. Naamini katika ubishi, vitu sijaviona. Na pale ubishi unapokwisha, hisabati inakuwa uamuzi wetu, tuchague na tuseme tumechagua.

Najua mtanibana wapi, kwa hiyo nijibane mwenyewe. Mwaka 1742 Goldbach alimwandikia mwanahisabati mwenzake, Euler, barua, na kutoka kwenye barua hiyo tumepata dhana ambayo mtoto wa darasa la saba anaielewa: kila shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili. 8 ni 3 na 5. 20 ni 7 na 13. Kompyuta zimekagua mpaka 4 ikifuatiwa na sifuri 18, haijashindwa hata mara moja. Uthibitisho hakuna. Hakuna aliyegomewa bado, hakuna njia iliyofungwa wala kufunguka. Kwa msimamo wangu, je, niseme hapa pia hakuna jibu?

Hapana, hapo siwezi. Kama Goldbach alikosea, basi ipo shufwa moja mahali fulani ambayo mtu mwenye karatasi na subira ya kutosha angeweza kuikagua na kuona haigawiki hivyo. Kukagua huko kungemgomea. Ama ipo, ama haipo, hata kama hakuna mwanadamu atakayefika huko kuigusa. Kwa hiyo nimekubali ubishi ambao hakuna aliyebishiwa. Na mtu akiniuliza, "Mwalimu, ubishi huo ambao haujamkuta mtu yeyote, unakaa wapi?", naona Plato anainuka kule nyuma kudai kofia yake.

Hapo ndipo nilipofika mimi. Mwenyekiti, naomba maswali, na yaanzie kwa vijana.